Taharuki katika filamu za jumba lenye mizimu

Taharuki ni hali ya mtazamaji kukaa roho mkononi, akijua kuna jambo linakuja lakini asijue lini wala kwa sura gani. Wanaosoma fasihi huikuta kwenye riwaya na tamthilia. Kwenye filamu za jumba lenye mizimu ndiyo inayobeba karibu kazi yote, na tusiichanganye na mshtuko. Mlango ukijibamiza ghafla na muziki ukalipuka, unaruka kitini, unacheka na uliyekaa naye, basi, yamekwisha. Taharuki unalala nayo.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni The Haunting ya mwaka 1963, filamu isiyo na rangi aliyoiongoza Robert Wise kutokana na riwaya ya Shirley Jackson ya 1959. Watu wanne wanahamia kwa muda kwenye jumba la kale liitwalo Hill House, wachunguze kama kweli lina mizimu. Mzimu wenyewe hatuoneshwi hata mara moja.

Tazama usiku ule Eleanor, mmoja wa wale wanne, amelala gizani. Anasikia sauti ya mwanamume ikinong'ona upande wa pili wa ukuta, kisha mtoto analia. Anamwomba mwenzake Theo amshike mkono. Kamera haiendi popote. Imekaza kwenye nakshi za ukutani mpaka zinaanza kufanana na uso wa mtu. Mkono unabanwa, unabanwa zaidi, unauma. Eleanor anapiga kelele, taa inawashwa: Theo yuko kitandani kwake, ng'ambo ya chumba. Sasa aliyemshika ni nani? Filamu haijibu, nawe unabaki na swali hilo usiku kucha.

Baadaye mlango mzito unabonyea kuelekea ndani, kama kifua kinachovuta pumzi. Ulitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na mtu akawa anausukuma kwa nyuma. Wise alitumia pia lenzi pana ambayo ilikuwa bado na kasoro, inayopindisha picha, na watengenezaji wa lenzi hiyo wakataka kwanza asaini kwamba anazijua kasoro hizo. Alizitaka hizo hizo, maana korido zilionekana hazijanyooka sawasawa.

Si kwamba mshtuko hauna thamani. Wise alianzia uongozaji chini ya mtayarishaji Val Lewton, ambaye filamu yake Cat People ya 1942 ina tukio mashuhuri: mwanamke anatembea peke yake usiku, anahisi anafuatwa, anaongeza mwendo, na mara basi linaingia kwenye picha likifoka breki. Ni basi tu. Lakini watazamaji waliruka, kwa sababu zile hatua za viatu barabarani zilikuwa zimewaandaa kwa dakika nzima. Mshtuko usiotanguliwa na taharuki ni kelele.

The Haunting ilipotengenezwa upya mwaka 1999 na Jan de Bont, pesa nyingi ziliingia na kompyuta ikaleta kila kitu mbele ya macho: sanamu zinatembea, mzimu una mwili na uso. Ukishaona ukubwa wake unajua unapambana na nini, na badala ya kuogopa unaanza kukagua imetengenezwaje.