Manjano yameisha, mbona tumbo bado linasumbua?

Wiki iliyopita kaingia kijana kliniki kwangu hapa Moshi, miaka 26, anauza viatu vya mtumba, kaja na mama yake. Aliugua homa ya ini aina A miezi miwili na nusu iliyopita, macho yakawa ya njano kabisa, mkojo rangi ya chai ya rangi, basi ikapita. Sahivi macho meupe, vipimo vya ini vimeshuka karibu na kawaida, ila tumbo halijatulia, kuna kitu kinamkaba na hakiishi. Ultrasaundi keshapiga tatu, zote safi. Mama yake akanisogelea, sauti chini kabisa, "Daktari nambie ukweli, ini la mwanangu limeoza?"

Halijaoza mama.

Hili swali naulizwa sana kwahiyo leo niliandike. Ini ndani kwake halina mishipa ya kusikia maumivu, ndo maana mtu anaweza kukaa na homa ya ini B miaka na miaka hasikii kitu. Kinachouma ni utando mwembamba unaolifunika kwa nje, ini likivimba ule utando unavutika, kama kiroba kilichojazwa mahindi mpaka mshono unakaza. Na virusi vikiondoka uvimbe haushuki siku hiyohiyo, ule uzito chini ya mbavu za kulia unaweza kukaa wiki kadhaa, na uchovu nao hivyohivyo. Kwa aina A wengi wanakuwa sawa ndani ya miezi miwili, ila wapo wachache, kama mmoja kati ya kumi, ugonjwa unaamka tena kabla ya miezi sita, vipimo vinapanda, halafu unaisha wenyewe, haugeuki kuwa sugu. Ndo maana narudia vipimo hata mtu akiniambia yuko fiti.

Sasa huyu kijana nikamwambia nioneshe panapouma. Hakugusa mbavu, akaweka vidole viwili kwenye chembe ya moyo. Nikamuuliza saa ngapi inazidi, akasema asubuhi, akishakunywa dawa ya mama. Dawa ipi? Mama akatoa chupa ya chai kwenye kikapu, akafungua kifuniko, chumba kizima kikanuka kitunguu swaumu. Kitunguu swaumu, malimao na tangawizi, kikombe kizima kila alfajiri tumbo likiwa tupu, wiki ya tisa hiyo, eti kusafisha ini. Juu yake kijana alikua anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, za duka la dawa kwa ajili ya mgongo maana anabeba mabelo.

Jamani. Ini halisafishwi kama sufuria, lenyewe ndo linalosafisha damu. Pale kilichokua kinalia ni tumbo, limechubuliwa na kile kikombe pamoja na zile diklofenaki, na mama wala sikumgombeza, alifanya kwa upendo na majirani wote walimsifia. Tukasimamisha kile kikombe na diklofenaki, nikampa dawa ya kupunguza asidi, nikaagiza kipimo cha choo cha wale bakteria wa vidonda vya tumbo, na nikamwambia ale kidogokidogo mara nyingi. Mtori mwepesi ruksa, chipsi mayai zisubiri.

Ingekua maumivu yanakuja baada ya mlo wa mafuta, yanapanda mpaka bega la kulia, ningewaza mawe kwenye mfuko wa nyongo. Panadol mtu asijimezee tu, ini likiwa bado linapona dozi yake muulize daktari wako. Na kama yako ilikua B, kipimo kirudiwe baada ya miezi 6, kikiwa bado positivu hiyo ni sugu, inahitaji kufuatiliwa hata kama huumwi popote.

Ila ukiona manjano yamerudi, au homa na kutetemeka, tumbo linajaa maji, unatapika damu, choo cheusi kama lami, au ndugu zako wanasema unaongea vitu havieleweki, hapo usisubiri kliniki ya jumatatu, nenda hospitali usiku huohuo.

Wakati wanatoka mama akakumbuka kitu, akarudisha kichwa mlangoni: "Na mbege je daktari? Si ni ndizi na ulezi tu?" Nikamwambia mama, mbege ni pombe, mpaka vipimo vikae sawa hata kibuyu asikinuse. Kijana akacheka, mama hakucheka.