CMV haijazichosha seli T zako

Jamani tuelewane. Kuna mtu kanitumia tena picha ya majibu ya maabara, CMV IgG chanya (CMV ni kirusi cha saitomegalo, IgG ni kingamwili dhidi yake), anauliza ale nini maana kaambiwa seli T zake, zile seli za kinga zinazopambana na virusi, "zimechoka" na tayari kuna mtu anamuuzia kopo la virutubisho. Huku Afrika karibu kila mtu mzima anayo CMV, wengi tuliipata wadogo kabisa kwa maziwa ya mama au mate ya watoto wenzetu, na ikishaingia haitoki. IgG inasema mlishakutana, basi. Kama una mimba au una figo ya kupandikizwa hayo ni mengine, muone daktari wako.

Ila hili la kuchoka ndo linanikera. Chukua damu ya mtu mwenye CMV asiyeumwa chochote, weka vipande vya pp65, protini mojawapo ya CMV, weka kemikali ya brefeldini ili saitokini (protini ambazo seli za kinga hupeana ishara kwazo) zibaki ndani ya seli, acha masaa 6, pitisha kwenye flosaitometa, mashine inayopima seli moja moja, uone CD8, yaani seli T za kuua, zinavyowaka saitokini za interferoni gama na TNF, na ukipima alama ya CD107a unakuta zimeshamwaga sumu yao. Hizo ndo zimechoka?? Watu wakiona kwenye seli alama ya CD57 iko juu na ya CD28 haipo wanakimbilia kusema uchovu. Kugawanyika zinagawanyika kwa shida, sawa, lakini kuua zinaua. Uchovu wenyewe kautafute kwa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, PD-1, ile breki ya seli T, iko juu na seli inapoteza kazi zake moja moja.

Na ni nyingi kweli, utafiti mmoja wa 2005 ulipima protini za kirusi zote ukakuta kwa watu wazima wenye CMV na afya njema kama asilimia 10 ya seli T za kumbukumbu zinaitambua CMV tu. Sababu kirusi kinajificha kwenye seli za uboho, kinaamka mara moja moja, kinazimwa kabla hujasikia hata homa.

Je wingi huo unawaumiza wazee? Hapo hata sisi tunaofuatilia mambo ya kinga tunagombana. Wasweden walihusisha CMV na vifo vya watu wa miaka 80 na kuendelea, wengine wakatafuta hawakuona, halafu 2015 ikaonekana vijana wenye CMV wanaitikia chanjo ya mafua vizuri zaidi. Na karibu data zote hizo ni za Ulaya na Marekani, ambako wasio na CMV wapo wa kutosha kulinganisha, wakati huku kwetu kumpata mtu mzima mmoja tu ambaye hana ni kazi.