Kufuga na Kuachia Vunjajungu: Ufafanuzi kwa Wakulima wa Bustani

Maswali kuhusu vunjajungu yameongezeka, hasa kutoka kwa wakulima wa mboga wanaotaka kuwafuga na kuwaachia bustanini badala ya kupulizia viuatilifu. Nia hiyo ni njema na tunaiunga mkono, lakini wapo waliofikia hatua ya kuagiza mayai kutoka nje ya nchi kwa njia ya mtandao, na hilo halikubaliki bila kibali.

Vunjajungu huvizia na kukamata chochote anachokiweza, awe mdudu mharibifu au rafiki wa mkulima. Mtazame asubuhi juu ya ua la boga: ametulia, miguu ya mbele ameikunja, na anayenaswa ni nyuki aliyekuja kuchavusha boga lenyewe, ilhali vidukari waliojazana chini ya jani wanaendelea kufyonza, kwa kuwa ni wadogo mno kwa vunjajungu aliyekomaa. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na bado tunaulizwa ekari moja inahitaji vunjajungu wangapi. Idadi hiyo haipo.

Anayetaka kufuga wa hapa hapa nchini kwa ajili ya kujifunza, afuge. Ile imani kwamba anayemgusa atavunja chungu haina msingi. Kifuko cha mayai, kinachofanana na povu lililokaukia kwenye kijiti, hutoa makinda kwa makumi, na yakiachwa pamoja katika chupa moja hulana. Yatenganishwe mapema, kisha yaachiwe palepale kifuko kilipookotwa, si katika wilaya nyingine.

Kuhusu wa kutoka nje, msingi ni Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kibali hupatikana kabla mzigo haujasafirishwa, si baada ya kufika uwanja wa ndege. Mwombaji hueleza jina la kisayansi la mdudu, asili yake, anachokula, madhara yanayoweza kutokea na mahali atakapowekwa karantini. Kibali cha kuingiza si kibali cha kuachia. Haya ni maamuzi mawili tofauti. Mzigo usio na kibali huzuiliwa, na aliyeuagiza hukabiliwa na hatua za kisheria hata kama alidhani mayai si wadudu.

Tahadhari hii si urasimu. Huko New Zealand, vunjajungu wa Afrika Kusini aliyeonekana Auckland mwaka 1978 anawapunguza wa asili, kwa kuwa madume wa asili huvutiwa na majike wageni na kuishia kuliwa. Nasi tunao mfano wetu: kunguru walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, na leo wamekuwa kero.

Aliyekwisha kupokea mayai asiyafungue wala kuyatupa jalalani. Ayaweke katika chombo chenye mfuniko unaobana, ahifadhi karatasi zote za mzigo, na ayakabidhi kwa mkaguzi wa afya ya mimea aliye karibu naye kabla hayajaanguliwa.