Kwa nini kujitolea na watoto kunataka mwaka mzima

Wazazi wa vijana ninaowaandaa kwenda Ujerumani kujitolea kwenye vituo vya watoto wana swali moja, na mara nyingi mama ndiye huuliza: "Mwaka mzima wa nini? Kukaa na watoto tu, miezi mitatu haitoshi?" Swali ni la haki. Kijana amemaliza kidato cha sita au chuo, ndugu wanasubiri aanze kazi, halafu anasema anakwenda kukaa miezi 12 na watoto wa watu kwa posho. Nataka kulijibu kwa kirefu, maana hata vijana wenyewe wanaoniandikia huuliza habari za viza na tiketi kabla ya kuuliza habari za watoto.

Utaratibu kwanza, kwa ufupi. Wajerumani wana mazoea ya zamani ya kijana kuitumikia jamii kwa mwaka mmoja. Sheria yao ya mwaka wa huduma ya hiari ni ya 1964. Mwaka 2011 waliposimamisha utumishi wa lazima jeshini, na pamoja nao ule utumishi wa kiraia wa vijana waliokataa kushika silaha, serikali ilianzisha huduma mpya ya hiari inayoitwa Bundesfreiwilligendienst. Vijana wetu wengi huingia kwa mlango huo. Wengi wao huletwa na weltwärts, programu ya wizara ya maendeleo ya Ujerumani, iliyoanza 2008 kwa kupeleka Wajerumani nje, na tangu 2013 inapokea pia vijana kutoka nchi za kusini, Tanzania na Kenya zikiwemo. Umri ni miaka 18 hadi 28. Anayekuchagua ni shirika mshirika lililopo hapa nyumbani, kwa hiyo mtu akikudai mamilioni ili "akushikie nafasi", ondoka.

Kuhusu pesa niseme wazi ili mama asikope kwa kutegemea euro za mwanawe: kiwango cha juu cha posho kisheria kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi, na vituo vingi hutoa chini ya hapo. Bima ya afya ipo, na malazi na chakula hupangwa na shirika linalokupokea. Utakula, utalala na kupanda treni. Kujenga hautajenga.

Sasa tuje kwa watoto.

Kituo cha watoto cha Kijerumani, kita kama wanavyokiita, hupokea watoto kuanzia mwaka mmoja hadi wanapokwenda shule, kwenye miaka 6 hivi. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata nafasi. Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwisho wa kiangazi, mlangoni wanaingia watoto wadogo sana ambao hawajawahi kuachwa na mtu asiye wa nyumbani kwao. Na hapo ndipo utaona kitu ambacho kwetu chekechea nyingi hatuna: mtoto haachwi getini akilia hadi anyamaze mwenyewe.

Vituo vingi hufuata utaratibu uliobuniwa Berlin miaka ya 1980. Siku tatu za mwanzo mzazi anakuja na mtoto, anakaa naye chumbani kama saa moja, kisha wanaondoka pamoja. Mzazi hachezi sana, hamsukumi mtoto aende kwa wenzake. Anakaa tu pembeni, mahali mtoto akigeuka atamwona. Siku ya nne ndipo anaaga na kutoka. Mtoto akilia na mlezi akashindwa kumtuliza, mzazi anaitwa baada ya dakika chache. Akitulia, mzazi anakaa nje hadi nusu saa. Kwa kumwangalia mtoto siku hiyo, walezi hujua kama huyu atazoea ndani ya wiki moja au atahitaji wiki tatu. Hakuna anayemwambia "mbona wenzako hawalii?"

Ninapofundisha jambo hili, vijana hudhani ni mambo ya Wazungu kudekeza watoto. Hapo ndipo huwasimulia habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyeishi Uganda kati ya 1954 na 1955. Alikuwa akitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na akina mama 26 na watoto wao wachanga, anaangalia na kuandika. Aliona mtoto akitambaa kutoka kwa mama yake, anachezea kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Akishtuka anarudi mbio. Aliona kwamba ushupavu wa mtoto wa kwenda mbali unatokana na uhakika kwamba kuna mtu wa kurudia. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka 1967, na kazi yake, pamoja na ya Mwingereza John Bowlby, ndiyo msingi wa ule utaratibu wa Berlin. Kwa hiyo kijana wa Mwanza au Bukoba anayekwenda kushangaa jinsi Wajerumani wanavyomzoesha mtoto, anashangaa jambo ambalo sehemu yake lilionekana kwanza kwa mama wa Kiganda, ng'ambo ya ziwa tu.

Ukishaelewa hilo, utaelewa kazi ya volontia. Yeye pia ni mgeni chumbani. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba umefaulu usaili, wala kwamba umejifunza Kijerumani Goethe-Institut Dar es Salaam. Anaona mtu mrefu asiyemjua. Nawaambia vijana wangu: mwezi wa kwanza kaa chini, sakafuni kabisa, shika kitabu cha picha au matofali ya kuchezea, na subiri. Usimbebe mtoto ambaye hajanyoosha mikono. Usimbusu. Usimkimbilie anapolia kama mlezi wake yupo karibu. Vituo vingi havitakuruhusu kubadilisha nepi wiki za mwanzo, na wako sahihi, kwa sababu mtoto ana haki ya kukataa kuvuliwa nguo na mtu asiyemzoea. Kwa kijana aliyelea wadogo zake tangu akiwa na miaka tisa, hili linauma, anahisi hawamwamini. Wanamwamini. Wanamsubiri mtoto.

Na mtoto huchukua muda wake. Wengine siku tatu, wengine hadi Krismasi. Siku atakayokuja mwenyewe na kukuwekea kiatu mapajani umfunge, bila kusema neno, ujue kazi yako imeanza. Aliyekuja kwa miezi mitatu huwa anafungasha mizigo wakati huo.

Nitoe mfano wa kazi yenyewe, maana watu hufikiri ni kuimba nyimbo na kupiga makofi. Chukua asubuhi ya Januari. Nje kuna baridi na matope, na watoto wanatoka nje hivyo hivyo, karibu kila siku, mvua isiwe kisingizio. Kwenye korido yenye kulabu za nguo una watoto kumi wa kuvalisha. Utaratibu una mantiki yake: kwanza choo, kisha suruali ya mvua, kisha mabuti, kisha koti, skafu, kofia, na glovu mwisho kabisa. Ukianza na glovu, mtoto hawezi kushika zipu. Ukisahau choo, utavua vyote upya. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba zenye watoto wengi tunajua kuvalisha haraka. Tunamshika mtoto, tunamgeuza, dakika moja kamaliza. Kule mlezi atakuzuia. Wewe shika zipu chini, mtoto aivute mwenyewe juu. Itakwama. Atasusa, atalala sakafuni. Subiri. Mwezi Machi mtoto huyo huyo atakuwa anamsaidia mwenzake, na utakuwa umekuwepo kuona zipu hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Huko ndiko kulea kunakozungumzwa kwenye makaratasi ya programu, na hakuna njia ya mkato.

Lugha nayo inatoka hapo hapo koridoni. Mtoto wa miaka minne ni mwalimu mkali. Ukikosea, atakurekebisha papo hapo mbele ya watu, na atarudia neno hadi ulitamke. Vijana wenye haya mbele ya watu wazima hufunguka kwa watoto, na nimeona wengi wakipita mitihani ya lugha kwa Kijerumani cha sanduku la mchanga.

Yapo magumu, na sipendi yafichwe. Utaitwa kwa jina lako tupu na mtoto wa miaka mitatu. Hakuna shikamoo, hakuna dada wala mwalimu. Utazoea. Mtoto atagusa nywele zako na kuuliza kama rangi ya ngozi yako inatoka kwa sabuni. Huyo anauliza kama anavyouliza kwa nini mwezi unamfuata, mjibu kwa utulivu. Mtu mzima akikuambia neno la kukudhalilisha ni jambo jingine kabisa: usilimeze. Kila volontia ana mtu aliyepangiwa kumsindikiza, mpelekee siku hiyo hiyo. Pia sheria inasema volontia asichukue nafasi ya mfanyakazi anayelipwa. Ukijikuta unaachiwa kundi zima peke yako kwa sababu mlezi anaumwa, una haki ya kusema hapana, na kusema hivyo ni kuwalinda watoto pia. Semina nazo, siku 25 kwa mwaka mzima, usizione likizo. Ndipo utakapokutana na wenzako na kugundua kwamba Novemba, jua linapozama saa kumi na nusu jioni, kila mtu analia kidogo.

Kinachonifanya nishike msimamo huu wa mwaka mzima ni yale ninayoyaona huku kwetu. Arusha na Moshi kuna vituo vya watoto wasio na wazazi ambako wageni hupishana kila baada ya wiki mbili. Ingia getini, watoto watakurukia mgongoni kabla hujasema jina lako. Wageni hufurahi na kupiga picha: tazama wanavyotupenda! Mimi hunisikitisha. Mtoto anayemkumbatia kila anayepita amejifunza kwamba hakuna anayebaki. Watu wale hawana nia mbaya, ila ningependa tuwadai wao kile kile tunachodaiwa sisi tunapokwenda kwao: cheti cha polisi, uthibitisho wa chanjo ya surua, lugha ya mtoto angalau kidogo, na muda wa kutosha ili mtoto aamue mwenyewe kama anakutaka.

Hata kuondoka kuna taratibu zake. Watoto huambiwa wiki kadhaa kabla. Kalenda hutundikwa ukutani, kila asubuhi mtoto mmoja anafuta siku, na siku ya mwisho mnakula keki na kuagana mchana kweupe, kila mmoja akijua. Usitoroke wakati wamelala ili kuepuka machozi. Wala usiwaambie utarudi kama huna hakika.

Kabla ya kupanda ndege, dai cheti chako cha huduma. Ni haki yako kisheria, na kinaweza kueleza kazi ulizofanya pamoja na mwenendo wako. Hakikisha kinataja umri wa watoto uliokaa nao, majukumu uliyopewa na semina ulizohudhuria, kisha kitafsiriwe. Baadhi ya vijana wangu waliorudi wanasomea ualimu wa elimu ya awali, na wanaposhindania nafasi ya kufanya mazoezi kwenye chekechea nzuri, karatasi ile husomwa neno kwa neno.