Maji Meupe Si Lazima Yawe Salama: Maswali na Majibu Kuhusu Kutibu Maji ya Umma

Kila msimu wa mvua wagonjwa wa kuhara na homa ya matumbo huongezeka katika vituo vyetu vya afya, na tunapowauliza wanakunywa maji gani, wengi hujibu kwamba maji yao ni meupe kabisa na hayana tatizo. Maswali yafuatayo ndiyo tunayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake yanahusu zaidi hali ya Tanzania.

Maji yaliyotibiwa ni maji gani?

Ni maji yaliyoondolewa tope, yakachujwa, kisha yakatiwa klorini ili kuua vimelea vya magonjwa kabla ya kusukumwa kwenda kwa watumiaji. Katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayohudumia sehemu kubwa ya Dar es Salaam na Pwani, kazi huanza na maji ya mto ambayo wakati wa masika huja na tope jingi. Tope huondolewa kwanza kwa sababu klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kuvifikia vimelea, navyo vimelea hujificha ndani ya chembe za udongo.

Nani anailazimisha mamlaka ya maji kutibu maji?

Sheria. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 inaweka wajibu wa watoa huduma. Ubora wenyewe umewekwa katika kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania, TZS 789, kinachoendana na kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mamlaka za maji za mijini zinasimamiwa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Miradi ya vijijini, inayoendeshwa na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii, inasimamiwa na RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Maafisa afya wa halmashauri nao wana mamlaka ya kuchukua sampuli na kuzuia maji yanayohatarisha watu.

Katika kiwango hicho kuna mambo matatu ambayo kila mwananchi anapaswa kuyafahamu. Bakteria wa E. coli, ambao kuonekana kwao ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia katika maji, hawatakiwi kuwapo hata mmoja katika mililita 100. Ukungu wa maji yaliyotibiwa haupaswi kuzidi NTU 5 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu wa maji), na Shirika la Afya Duniani linashauri uwe chini ya 1 ili klorini ifanye kazi ipasavyo. Jambo la tatu, ambalo ndilo linalolalamikiwa zaidi na wananchi, ni kwamba klorini kidogo lazima ibaki ndani ya maji mpaka yanapofika kwa mtumiaji, angalau miligramu 0.2 kwa kila lita.

Kwa nini klorini ibaki? Si tayari imeua vimelea kule mtamboni?

Imeua vilivyokuwamo mtamboni. Kutoka hapo maji husafiri kilomita nyingi katika mabomba ambayo mengine ni chakavu, mengine yamepita ndani ya mitaro ya maji machafu, na mengine yamekatwa na kuungwa upya kienyeji na watu wanaojiunganishia huduma. Maji yanapotoka kwa mgao, bomba lililokaa tupu hupoteza msukumo, na kila ufa ulioko humo hugeuka mlango wa kunyonya maji ya mtaroni na ya vyoo vya jirani. Huduma inaporudi, uchafu huo unasukumwa moja kwa moja hadi jikoni kwako. Klorini iliyobaki ndiyo inayokutana nao njiani. Kwa hiyo harufu hafifu ya dawa unayoisikia bombani ni dalili kwamba kinga bado ipo, na tunasikitika kuona familia ikiyakataa maji hayo na kwenda kununua madumu ya mkokoteni ambayo hakuna anayejua yalikochotwa, kwa sababu tu hayanuki dawa.

Sisi tuna kisima. Maji yake ni meupe, baridi, na hayana harufu. Kwa nini yatibiwe?

Kwa sababu weupe wa maji hauonyeshi kama yana vimelea au hayana. Vimelea vya kipindupindu havionekani kwa macho, havina harufu na havibadili ladha. Glasi ya maji meupe inaweza kubeba vimelea vya kutosha kumlaza mtu mzima kitandani. Katika makazi yenye msongamano, ambako kisima na shimo la choo vimetenganishwa na ukuta tu, mvua kubwa inatosha kuviunganisha chini ya ardhi. Kisima kirefu kilichojengwa vizuri kina nafuu, lakini nafuu hiyo hupotea ikiwa mdomo wake haujafunikwa kwa zege au maji yake yanahifadhiwa katika tenki lisilosafishwa.

Tusidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini pekee. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi katika kisima cha maji ya mji. Waliokuwa wakiendesha mradi hawakuwa wakitia klorini ya kutosha, na walikuwa wakiandika vipimo vya uongo katika daftari. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na saba wakafariki. Jimbo hilo lilitunga sheria mpya ya maji salama ya kunywa mwaka 2002. Kila kipengele cha usimamizi ambacho baadhi yetu hukiona ni usumbufu kimetokana na maafa ya namna hii.

Lakini tumeyanywa maji haya miaka yote na hatujaugua.

Mmeugua, ila ugonjwa mmeupa majina mengine. Mtoto anaharisha, mnasema anaota meno. Kuota meno hakuharishi mtoto. Katika umri huo mtoto anatambaa, anatia kila kitu mdomoni na ameanza kupewa maji ya kunywa, na hayo ndiyo yanayomharisha. Mtu mzima anaharisha, mnasema alikula chakula kilicholala. Tunarudia, na tutaendelea kurudia: maji kuwa meupe si ushahidi kwamba ni salama. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar, na miongoni mwa walioletwa wakiwa hoi walikuwamo waliokunywa maji meupe.

Je, nikituliza maji kwa shabu yanakuwa yametibiwa?

Hapana. Shabu inashusha tope tu. Baada ya hapo bado unatakiwa kuyachemsha, au kuyatia klorini.

Nimesikia klorini inaondoa uwezo wa kuzaa.

Uvumi huu huibuka karibu kila wakati wa mlipuko, na hauna msingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha afya cha klorini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 5 kwa lita, mara nyingi zaidi ya kiasi kinachofika bombani kwako. Ni kweli kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo huzalisha kemikali ambazo viwango huzidhibiti, ndiyo maana tope linatakiwa kuondolewa kwanza. Shirika hilohilo limesema wazi kwamba hatari ya kemikali hizo ni ndogo sana ikilinganishwa na hatari ya kunywa maji yasiyouliwa vimelea. Wanaoeneza uvumi huo tunawaomba waache.

Mamlaka ikishatibu, nyumbani nina kazi gani?

Unayo kazi kubwa. Klorini hupungua maji yanapokaa katika tenki kwa siku kadhaa, na huisha haraka zaidi katika ndoo isiyo na mfuniko ambayo kila mtu anatumbukiza kikombe na mkono. Safisha tenki, lifunike, na tumia chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki. Ukichemsha, subiri maji yatokote kabisa kwa dakika moja, kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Wakazi wa Arusha, Manyara na Kilimanjaro wafahamu pia kwamba madini ya floraidi, yanayotia meno rangi ya kahawia, hayaondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Hayo yanahitaji chanzo kingine au mtambo maalumu.

Mtu akianza kuhara, nisubiri kwa muda gani kabla ya kumpeleka kituoni?

Usisubiri. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Anza papo hapo kumpa maji ya chumvichumvi (ORS), yaliyochanganywa kwa kipimo cha pakiti katika maji salama, na endelea kumpa njiani. Usimnyime maji mtoto anayeharisha ukidhani kuhara kutapungua. Kuhara hakupungui, kinachopungua ni maji mwilini, na watoto tunaowapokea wakiwa wamelegea, macho yamezama na mkojo umekauka, wengi wao walinyimwa kinywaji nyumbani kwa nia njema. Mtoto mnyonyeshwe kama kawaida. Choo kikiwa kama maji ya mchele, hata mara moja, nenda kituoni wakati huohuo, iwe usiku au mchana, na usipitie kwanza duka la dawa kununua vidonge vya kuzuia kuhara.

Tutajuaje kama mradi wetu wa kijiji unatia dawa?

Ulizeni katika mkutano wa kijiji. Chombo cha watumiaji maji kinapaswa kuwa na fungu la kununulia klorini na daftari la vipimo, na mwananchi ana haki ya kuuliza vyote viwili. Kipimo chenyewe si kigumu: kidonge cha kupimia hutiwa katika maji ya bombani, na maji yakiwa na klorini hugeuka rangi ya waridi, ambayo hulinganishwa na kadi ya rangi ili kupata kiasi chake. Pimeni kwenye kituo cha mwisho kabisa cha kuchotea, si karibu na tenki kuu, kwa kuwa huko mwisho ndiko klorini huisha mapema. Yasipobadilika rangi, chemsheni maji ya kunywa kuanzia siku hiyo, na mwarifuni afisa afya wa kata pamoja na ofisi ya RUWASA ya wilaya.