Nyaya za umeme mkubwa na watoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Laini ya volti 220,000 inayotoka Rabai kwenda Lamu, pwani ya Kenya, hupitia Malindi na Garsen, na kila ilikopita wazazi huuliza habari za watoto wao. Wana haki ya kuuliza.

“Nyaya hutoa mionzi kama ya eksirei.” Sivyo. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, kasi ndogo mno kuweza kuvunja vinasaba. Kinachozizunguka nyaya ni uga, yaani eneo ambamo nguvu yake huhisika: uga wa umeme, ambao ukuta huuzuia kwa kiasi kikubwa, na uga wa sumaku, unaopenya hata nyumba ya mawe.

“Imethibitishwa kuwa huleta saratani ya damu.” Haijathibitishwa, lakini pia si uzushi mtupu. Swali liliibuka Denver, Marekani, mwaka 1979. Mwaka 2000 tafiti kadhaa zilipojumlishwa, watoto walioishi penye uga wa sumaku wa wastani wa zaidi ya mikrotesla (kipimo cha uga huo) 0.3 hadi 0.4 walionekana kuugua lukemia, yaani saratani hiyo ya damu, karibu mara mbili ya wenzao. Nyumba za kiwango hicho ni chache mno, ugonjwa wenyewe ni nadra, na haijaonekana njia ambayo uga huo ungeuzusha. Kwa hiyo mwaka 2002 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka kundi la 2B: huenda unasababisha.

“Volti zikiwa nyingi, sumaku nayo ni kali.” Uga wa sumaku hufuata ampea, yaani mzigo unaopita wakati huo, na hufifia upesi ukisogea mbali. Kitanda cha mtoto kikiegemea ukuta wenye kipima umeme na waya mnene unaoingiza umeme, kisogezeni mita moja au mbili. Hakuna gharama.

“Mnara ukiwa mbali, mtoto yu salama.” Dhana hii ndiyo inayotutia hofu zaidi, kwa sababu kinachoua ni kugusa, na nyaya za mtaani zinatosha. Ngoe ndefu ya kuangulia maembe, hasa ya chuma au mti mbichi, hupitisha umeme. Uzi wa tiara uliolowa vilevile. Paa la mabati likisuguana na waya uliochubuka, nyumba nzima huwa mtego, na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha kutu kwenye viungio.

Waya ukianguka, watoto wakae mbali mita 10 au zaidi, maana ardhi yenyewe huwa na umeme. Aliye karibu aondoke kwa kuburuta miguu iliyoshikana, asipige hatua ndefu. Aliyenaswa asiguswe mpaka kampuni ya umeme ikate laini.