Gemu umenunua wewe, ufunguo wanao wao

Miaka tisa sasa kazi yangu ni seva za gemu, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu yako huzungumza nazo kwa intaneti. Sichori, situngi hadithi, situngi muziki. Mimi ni yule fundi asiyeonekana, anayehakikisha kwamba ukibonyeza kitufe cha kuanza, kuna kitu upande wa pili kinaitika. Watu wakijua kazi yangu huniuliza swali lilelile: kwa nini gemu ninayocheza peke yangu inadai intaneti? Wengi wameshaambiwa kwamba ni kuzuia nakala za wizi. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Sababu kubwa zaidi ni duka lililo ndani ya gemu.

Zamani hazina yako ilikaa kwenye faili ndani ya mashine yako. Ukiwa na sarafu 500, mahali fulani kwenye faili ile palikuwa na tarakimu 500, na mtoto yeyote mtundu aliyejua kuifungua aliandika 999,999 akalala tajiri. Nani aliumia? Hakuna. Alijiharibia utamu mwenyewe, basi. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda walipouza deraya ya farasi kwenye gemu yao ya Oblivion kwa dola 2.50, wachezaji wengi waliiona kama kichekesho, na hata hiyo ilikuwa bidhaa moja unayoinunua mara moja ikabaki yako. Mambo yaligeuka pale sarafu zenyewe zilipoanza kuuzwa kwa pesa halisi. Faili ile ikawa droo ya pesa iliyoachwa wazi usiku kucha, na hapo ndipo watu kama mimi tulipoanza kuitwa.

Kazi yangu ya kwanza kwenye kampuni fulani ilikuwa hiyo hasa, na tuliiita kuhamisha pochi, yaani hesabu ya sarafu za mchezaji. Gemu ilikuwa ya safari na mapigano, ya mtu mmoja, nzuri kwa kweli. Tuliambiwa ni pochi tu inayohamia kwenye seva, kazi ya wiki tatu. Lakini pochi ikikaa kwenye seva, seva lazima ijue sarafu zinatoka wapi. Mashine yako ikisema "nimeua joka, nipe 50", seva itakuaminije? Kwa hiyo na joka likahamia. Baada ya joka zikafuata kazi zinazokupeleka kwa joka, kisha masanduku ya hazina, na mwisho kumbukumbu yenyewe ya ulipofikia. Ilipofika miezi sita, hata mlango wenye sanduku nyuma yake ulikuwa unaomba ruhusa kabla ya kufunguka. Nakumbuka mstari mmoja kwenye rekodi zetu: mlango, milisekunde 340, kama theluthi moja ya sekunde. Wachezaji wa majaribio wakalalamika kwamba milango ya gemu ni mizito. Tuliitatua vipi? Mchoraji mmoja aliongeza shujaa anayesukuma mlango kwa bega huku akiguna. Lile guno unalolisikia ni muda wa seva kujibu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu malalamiko mengi ya leo yanaanzia mlangoni pale. Mtu analalamikia duka kivyake, na seva kivyake, na gemu zinazozimwa kivyake. Kwangu mimi ni bomba moja, na maji yanaingilia dukani.

Tulitazame basi duka lenyewe. Kwanza pesa inabadilishwa kuwa vito, ili usijue unatumia kiasi gani. Halafu vinakuja vifurushi. Sema vazi unalolitaka ni vito 700, na vifurushi vilivyopo ni vya 500 na 1,200. Hakuna namna ya kununua 700 kamili. Ukinunua viwili vya 500 unabaki na 300, ukinunua cha 1,200 unabaki na 500. Masalio yale yamepangwa. Nimekaa kwenye vikao ambako yalikuwa na safu yake kwenye jedwali, kwa sababu mtu mwenye vito 300 vilivyokaa bure hurudi kuongeza mara nyingi kuliko mtu mwenye sifuri.

Kisha kuna masanduku ya bahati, unayolipia kabla ya kujua kilichomo, ambayo kwa lugha ya mtaani ni pata potea. Hapa hesabu inawadanganya hata watu wenye akili zao. Ukiambiwa nafasi ya kupata mhusika fulani ni 1 kati ya 100, unajisemea kwamba nikivuta, yaani nikilipia jaribio, mara 100 lazima nimpate. La. Nafasi ya kumkosa kila mvuto ni 0.99, na ukiizidisha kwa yenyewe mara 100 unapata kama 0.37. Yaani kati ya watu 100 waliovuta mara 100 kila mmoja, 37 hivi wanaondoka mikono mitupu. Ndiyo maana gemu kama Genshin Impact zina kinga: nafasi ya msingi ya kupata mhusika wa nyota tano, wale adimu kabisa, kwa kila mvuto ni asilimia 0.6, ila mvuto wa 90 una uhakika. Inasikika kama huruma. Mtu aliyefika mvuto wa 70, hata hivyo, anaona ameshalipa nauli ya zaidi ya nusu ya safari, na kushuka ni hasara.

Serikali zimeanza kuamka, kila moja kwa mwendo wake. Tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilisema mwezi Aprili 2018 kwamba masanduku ya gemu za FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari. Marekani, Januari 2025, msambazaji wa Genshin Impact alikubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia masanduku hayo watoto wa chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Sawa. Ila sheria hizi zinagusa duka, hazigusi seva iliyojengwa kwa ajili ya duka, na seva ndiyo inayokuja kukunyang'anya gemu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Crew ya kampuni ya Ubisoft. Ilitoka Desemba 2014, gemu ya magari yenye ramani ya Marekani nzima, na ungeweza kuendesha peke yako kutoka pwani hadi pwani. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Diski ya mtu ikabaki kuwa duara la plastiki, kwa sababu barabara zilikuwa kwenye diski lakini ruhusa ya kuzitumia ilikuwa kwingine. Kutokana na hilo Ross Scott, mtengeneza video za gemu wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likavuka saini milioni 1 mwaka 2025.

Wakubwa wa kampuni hujibu kwamba kuiachia gemu iishi bila seva ni kazi ngumu na ya gharama. Hapa nitasema jambo litakaloudhi pande zote mbili: wanasema kweli, na ni kosa lao. Gemu ikifika mwaka wa kumi, walioandika msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta yanayoiendesha, wameshatawanyika au wameshaachishwa kazi, vipande kadhaa vimekodishwa kwa leseni isiyoruhusu kugawiwa umma, na nyaraka zinaishia mwaka wa pili. Kumwita fundi aje kung'oa seva kwenye jengo kama hilo ni sawa na kumwambia atoe nguzo huku watu wako ghorofani. Lakini ukimwambia siku ya msingi kwamba nguzo hii siku moja itatolewa, ataiweka ya kutoleka. Kazi inayochukua miezi mwishoni ingechukua wiki chache mwanzoni. Nimeshaomba wiki hizo katika miradi mitatu. Mara mbili nilikataliwa kwa sababu "hatujazindua gemu, wewe unapanga mazishi". Mara ya tatu sikujibiwa.

Kwamba inawezekana haina ubishi. Quake ya mwaka 1996 iliwapa wachezaji programu ya seva, Desemba 1999 watengenezaji wake, id Software, wakaachia msimbo wenyewe, na mpaka leo inachezwa. Gemu ya Knockout City ilipofungwa Juni 2023, watengenezaji wake, Velan Studios, waliwaachia wachezaji wa kompyuta toleo la kuendesha seva zao wenyewe. Hata Ubisoft, baada ya kelele zile, walitangaza Septemba 2024 kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapata namna ya kuchezwa bila intaneti. Kwa hiyo fundi anajulikana alipo, ila huitwa baada ya watu kupiga makelele.

Mengine nitayapita haraka maana yameandikwa sana. Gemu zinazotoka mbichi zikapikwa mezani kwa masasisho: Cyberpunk 2077 iliondolewa kwenye duka la PlayStation siku chache tu baada ya kutoka, Desemba 2020, ikarudi Juni 2021. Kila kampuni kutaka gemu isiyoisha: Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024, ikazimwa tarehe 6 Septemba, wanunuzi wakarudishiwa pesa, na Oktoba studio iliyoitengeneza ikafungwa. Kwenye habari hii ya mwisho wengi walicheka. Mimi sikuweza, nilijua kuna mtu huko aliyehesabu milisekunde za mlango kama mimi.

Kuna maendeleo madogo ambayo nayapenda kwa sababu ni ya kusema ukweli tu. California ilipitisha sheria Septemba 2024 inayowabana wauzaji wasitumie neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni. Mwezi uliofuata Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wakaweka maneno ya aina hiyo kwenye kikapu cha malipo. Hakuna kilichobadilika kwenye seva yoyote, lakini angalau karatasi imesomwa kwa sauti.

Mimi nina kipimo changu, na hakihitaji ufundi. Gemu ya mtu mmoja ikishamaliza kupakuliwa na ukaifungua mara moja, ifunge, chomoa waya au zima Wi-Fi, kisha ifungue tena. Usiishie kwenye ukurasa wa mwanzo, maana huo hupakwa rangi. Ingia ndani, fungua mlango wenye sanduku, hifadhi ulipofikia, toka, rudi. Ikigoma popote hapo, umeshajua pochi iko wapi. Kwenye Steam unaweza kuomba pesa yako ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa 2, na kipimo hiki kinachukua dakika 10. Kifanye kabla hujaanza kuipenda hadithi.